Somo la Shambani: Malenge na Sakitu ya Januari

Sisi tunaoishi huku juu, Kinangop, Ol Kalou, Molo na Mau Narok, tunaogopa sana Julai. Kweli Julai ni baridi, mtu hatoki bila koti. Lakini mara nyingi malenge yetu hayafi Julai. Yanakufa Januari, mwezi wa jua kali mchana.

Sababu ni mawingu. Julai mawingu hufunika anga kama blanketi, na joto la udongo halipotei lote usiku. Desemba hadi Februari anga huwa wazi, nyota zote zinaonekana, upepo umetulia. Joto lapanda juu likaenda zake, na alfajiri unakuta sakitu, ile barafu nyeupe juu ya nyasi. Januari 2012 iliunguza hata majani chai kule Kericho, sembuse malenge.

Kikundi chetu cha kanisa kilijifunza kwa hasara. Tulipanda Oktoba, mvua za vuli zilipoanza, na Desemba shamba lilikuwa zuri ajabu. Asubuhi moja ya Januari tukakuta majani yamelegea, meusi, kama mboga iliyochemshwa. Akina mama walitegemea malenge hayo kwa karo ya muhula wa pili.

Kumbe tulihesabu mvua, hatukuhesabu miezi! Huku kwenye baridi malenge yanataka miezi minne hadi mitano tangu mbegu mpaka kuvuna. Siku hizi tunahesabu kinyumenyume. Kama sakitu kwako huanza mapema Desemba, rudi nyuma miezi mitano: mapema Julai. Hapo ni mwisho wa kupanda, wala si wakati mzuri. Wakati mzuri ni mwisho wa Machi, masika yakianza, uvune Agosti au Septemba. Mvua ikichelewa, anzisha mbegu katika pakiti za maziwa zilizotobolewa chini, karibu na ukuta wa jikoni. Baada ya wiki tatu hamisha miche pamoja na udongo wake, maana mizizi ya malenge haipendi kuguswa.

Tarehe ya jirani usiichukue. Hewa baridi ni nzito, huteremka kama maji na kutuama bondeni. Shamba la chini laweza kuungua na la mteremkoni likabaki kijani. Jioni weka beseni lenye maji kidogo kwenye nyasi zako. Asubuhi ukikuta ngozi ya barafu, andika tarehe kwenye kalenda. Fanya hivyo miaka miwili au mitatu.

Na aliyekwisha kupanda Oktoba je? Mwagilia mchana, kwa kuwa udongo wenye unyevu hutunza joto. Jioni funika kwa gunia au nyasi kavu, ufunue jua likitoka. Mashina kumi utayaokoa. Nusu ekari, hapana. Huko heri uchume majani ya mboga kabla ya Krismasi.