Kisukari na Nuru ya Macho: Nasaha kwa Watu wa Nyumbani

Maradhi yasiyouma

Mtoto wa jicho hujidhihirisha, kwani ukungu wake humsumbua mwenyewe na weupe wake hatimaye huonwa hata na jirani. Ama madhara ya kisukari huingia jichoni kimya, bila maumivu wala wekundu, yakaidhoofisha taratibu mishipa myembamba ya damu iliyo katika retina, yaani ule utando wa nyuma unaoipokea nuru, hata ikavimba na kuvuja. Mgonjwa, ambaye muda wote huo alisoma na kushona bila taabu, huja kutanabahi wakati dhara limekwisha kukita. Tiba ya leza na ya sindano huuhifadhi uoni uliosalia, lakini uliopotea aghalabu haurudi.

Yaliyobainika Kigali

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, tabibu wa macho Wanjiku Mathenge na wenzake waliwapiga picha za nyuma ya jicho wagonjwa wa kisukari 823 waliohudhuria kliniki za Kigali na viunga vyake, na programu ya akili mnemba ikazisoma picha hizo. Wagonjwa 275 walionekana wahitaji kupelekwa kwa wataalamu wa macho, nao wakagawanywa kwa kura: 136 walipewa jibu na ushauri palepale, ilhali 139 walingoja siku kadhaa hata picha zao zisomwe na binadamu. Katika kundi la kwanza walikwenda kliniki ya macho watu 70. Katika la pili, 55.

Fadhila ya jibu la papo hapo ni dhahiri. Hata hivyo, katika hao walioambiwa siku ileile, 66 hawakwenda. Na masafa hayo yaliyobaki, baina ya karatasi ya rufaa na mlango wa tabibu, hayana wa kuyafupisha ila jamaa wa mgonjwa. Ajizi ni nyumba ya njaa, na hapa ni nyumba ya giza.

Wajibu wa jamaa

1. Mwenye kisukari cha aina ya pili apimwe macho tangu anapobainika kuwa nacho, na baadaye kila mwaka au kama tabibu atakavyoagiza, hata akiwa anaona vyema. Mwenye kisukari akishika mimba, apimwe mapema.

2. Akipewa rufaa, siku ya safari ipangwe jioni ileile, na kadi ya mituweli, yaani bima ya afya ya jamii, iwekwe pamoja na karatasi. Aandamane na mtu, maana matone ya kupanua mboni hutia ukungu kwa saa kadhaa, wala asiendeshe pikipiki.

3. Asikatize dawa, sukari na shinikizo la damu vipimwe kwa wakati, na tumbaku iachwe.

4. Akiona ghafla vitone vyeusi vinavyoelea, au kama pazia limeshuka, au nuru imetoweka, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

5. Maji ya majani na dawa zisizoandikwa na tabibu zisitiwe jichoni kamwe.

Basi kabla ya kukiweka kijitabu hiki, muulize mgonjwa wa nyumbani kwako mara ya mwisho alipimwa macho mwezi gani. Akisita kujibu, kesho mwende pamoja kituo cha afya.