Umekunywa Bariamu Hospitalini? Kunywa Maji, Chunga Choo

Wakazi wengi wa Kenol wanaotumwa Murang'a au Thika kupigwa picha ya tumbo hudhani shughuli imekwisha wanapotoka chumba cha eksirei. Kwa aliyepewa bariamu, siku chache zinazofuata ni muhimu vilevile.

Bariamu ni nini?

Utumbo hauonekani vizuri kwenye eksirei ya kawaida. Kwa hivyo mgonjwa hunyweshwa bariamu, dawa nyeupe, nzito kama uji, au huingizwa dawa hiyo kupitia njia ya haja kubwa. Bariamu huzuia miali ya eksirei, na daktari huweza kuona kidonda, uvimbe au mahali palipoziba.

Tatizo hutoka wapi?

Dawa hii haiingii kwenye damu. Hutoka pamoja na choo. Utumbo mkubwa hufyonza maji, na bariamu iliyobaki ikikauka huwa ngumu. Inaweza kukwama na hata kuziba utumbo. Wazee, wagonjwa wasiotembea na watu wanaofunga choo mara kwa mara wako katika hatari zaidi.

Ufanye nini?

• Kunywa maji mengi kuanzia siku hiyo. Usijinyime maji kwa kuogopa safari ya matatu. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo amuulize daktari kiasi kinachomfaa.
• Ukiruhusiwa kula, kula mboga na matunda kama papai na parachichi.
• Tembea kidogo kila siku.
• Kabla ya kuondoka hospitalini, uliza kama unahitaji dawa ya kulainisha choo.

Choo cheupe kwa siku moja hadi tatu ni kawaida. Usishtuke.

Rudi hospitalini upesi ukiona:

• siku mbili zimepita bila kupata choo;
• tumbo linauma sana au limevimba;
• unatapika, au hewa haitoki;
• una homa au damu kwenye choo.

Ukiwa na dalili hizi, usinywe dawa ya kuharisha wala mitishamba. Utumbo ulioziba ukilazimishwa unaweza kupasuka.

Dawa ya skani ya CT inayodungwa kwenye mshipa ni tofauti: hutolewa na figo kupitia mkojo. Basi uliza jina la dawa uliyopewa na uliandike, ili mhudumu wa zahanati ya karibu ajue pa kuanzia ukipata shida.