Siki na Beking Pauda: Kipi Chatulisha?

Katika majiko mengi ya Tanga twaviona vitu hivi viwili. Na tuvipime.

Siki ya pwani hutoka katika tembo la mnazi: likiachwa wazi siku nyingi huchachuka, na kileo chake hugeuka asidi. Gramu 100 za siki zina kalori 20 hivi tu, na sodiamu kidogo mno.

Beking pauda ni mchanganyiko wa magadi soda, asidi kavu na wanga. Ikipata maji na moto hutoa hewa iumuayo maandazi. Lakini kijiko kimoja cha chai chaweza kuwa na sodiamu miligramu 400 au zaidi. Na Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima apate pungufu ya 2,000 kwa siku.

Basi, vyote viwili si vya kushibisha. Ila mwenye shinikizo la damu, aliyeiondoa chumvi mezani, ajue yaweza kumrudia kwa mlango wa uani. Maandazi yake na yaumuliwe kwa hamira, na kachumbari ikolezwe siki. Walimu, wafundisheni wapikao.