Kivuli cha Uani: Somo la Nguzo Nne na Tanga Moja

Leo nawaletea somo la nyumbani, nalo ni jinsi ya kutundika kitambaa cha kivuli uani. Chukueni kalamu, maana hesabu za darasani zimo.

Sisi wa Kiambere tunajulikana kwa bwawa la mto Tana, lililoanza kuzalisha umeme mwaka wa 1988. Lakini umeme hauzuii jua, bwana! Nyumba ya mabati saa nane mchana ni tanuri. Nyanya yangu hawezi kukaa ndani saa hizo, na miguu yake haimfikishi tena kwenye mti wenye kivuli. Mama aliuza ndengu, tukanunua neti. Pesa za neti ya pili hazikuwapo, kwa hivyo ilitubidi tufikiri kabla ya kushika jembe.

1. Jua. Watu wengi hutundika kitambaa juu kabisa ya mahali wanapoketi. Ikifika alasiri wanashangaa: kitambaa kipo, kivuli kimehama! Kiambere iko chini ya digrii moja kusini mwa Ikweta. Mwezi wa Machi na wa Septemba jua hupita karibu juu ya utosi, mnamo saa sita na nusu. Kufikia saa tisa na nusu limeshuka hadi digrii 45 upande wa magharibi. Kwa digrii 45, kivuli hulingana na kimo. Basi kitambaa kilicho mita 2.5 juu hutupa kivuli chake mita 2.5 upande wa mashariki. Kama upana wake ni mita 4, chini yake kinabaki kivuli cha mita 1.5 tu. Kwa hivyo sogeza nguzo upande wa magharibi wa kiti. Si kitambaa unachokitafuta, ni kivuli.

2. Kitambaa. Neti ya kivuli, ile inayofunika vitalu vya miche, hupitisha hewa na maji. Turubai halipitishi. Hebu piga hesabu: turubai la mita 4 kwa 4 lina eneo la mita 16 za mraba. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu yake, ni lita 160, yaani kilo 160. Hayo ni zaidi ya magunia matatu ya saruji ya kilo 50, yakining'inia juu ya vichwa vya watoto! Mwenye turubai alishushe mvua ikija, au alilaze vizuri maji yateremke.

3. Nguzo. Kwetu tulitumia mukau, kwa kuwa mbao zake hazipendwi na mchwa. Weka nguzo nje kidogo ya pembe za kitambaa, kama nusu mita, ili upate nafasi ya kukaza kamba. Pande zikiwa sawa, pima mishazari yote miwili. Ikilingana, umepata mraba kamili. Chimba shimo la mita moja. Nguzo mbili za mshazari mmoja ziwe na mita 3 juu ya ardhi, na zile mbili nyingine mita 2. Hapo kitambaa kitajipinda, upepo hautakipigapiga, na maji yatapata njia. Kichwa cha kila nguzo kiegemee nje kama shibiri moja, kwa maana kamba zitakivuta ndani. Shindilia mawe na udongo kidogo kidogo, au ukiweza mimina zege: saruji sehemu moja, mchanga mbili, kokoto nne. Zege likae wiki moja kabla ya kufunga chochote. Hapa ndipo wengi hukosa subira.

4. Kukaza. Usitoboe kitambaa ovyo, kitachanika. Weka kijiwe laini ndani ya pembe, kunja kitambaa juu yake, kisha funga kamba nyuma ya kijiwe. Hakichomoki! Tumia nailoni, katani huoza kwa mvua. Kaza pembe zote polepole kwa zamu, wala usimalize moja kwanza. Baada ya wiki moja rudi ukaze tena, maana kamba hulegea.

Jambo moja la lugha, kwa kuwa hili ni jarida la Kiswahili. Kitambaa kama hiki naona kinastahili kuitwa tanga, kama lile la jahazi za Lamu. Tofauti ni kwamba nahodha hutaka tanga lake lishike upepo, sisi twataka letu liupitishe.

Nyanya sasa huchambua ndengu nje mpaka jioni, nami hudurusu kando yake siku za Jumamosi. Hata hivyo neti huchakaa kwa jua. Kwa hivyo tumepanda miche miwili ya mukau upande wa magharibi, ikue wakati neti ingali inafanya kazi. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Nanyi mkiona kivuli kimetulia, jueni kimepimwa. Kwaherini!