Somo la Afya: Chandarua na Mtoto Mchanga

Hapana mtu katika Kishanda asiyekijua chandarua. Lakini ukiuliza kwa nini vyandarua vipya si sawa na vile vya zamani, wachache watakujibu. Jambo hilo lilichunguzwa hapa hapa wilayani Muleba, na matokeo yake yakafuatwa hata katika nchi nyingine. Yafaa basi sisi wenyewe tulijue.

Tuanze na mtoto. Mtoto azaliwapo huwa na kinga kiasi aliyoipata kwa mama yake. Kinga hiyo hupungua mwezi hata mwezi, naye bado hajajenga ya kwake. Akiumwa na mbu jike wa Anofelesi mwenye vijidudu vya malaria, vijidudu huingia kwanza katika ini, kisha katika chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Chembe hizo ndizo zinazochukua oksijeni kuipeleka ubongoni na katika viungo vyote. Zikipungua, viganja vya mtoto hupauka, hanyonyi vizuri, hana nguvu ya kutambaa wala hamu ya kucheza. Nasi twajua kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa kucheza. Tena malaria huweza kumdhuru kabla hajazaliwa, kwa maana vijidudu hujificha katika kondo la nyuma, naye akazaliwa na uzito mdogo.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 wataalamu walichunguza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Waliona kwamba viliongeza kunusurika kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4 kwa asilimia 27. Mwaka 2004 Serikali ilianzisha Hati Punguzo: mama mjamzito alipewa hati kliniki, akanunua chandarua kwa bei nafuu. Mpango huo ulikoma mwaka 2014. Baadaye ukaja utaratibu wa kutoa vyandarua kliniki bila malipo, kwa mama mjamzito na kwa mtoto aletwapo kuchanjwa surua.

Lakini mbu naye hakukaa bure. Dawa ya vyandarua ilikuwa ya jamii moja tu, iitwayo pairethroidi. Mbu wachache walikuwa na uwezo wa kuivunja nguvu mwilini mwao. Hao walipona, wakazaa, na wazao wao wakaenea. Chandarua kikawa kizima machoni, kumbe dawa yake imepungua kazi. Ndipo wataalamu wakaongeza kitu cha pili, kiitwacho PBO. Hicho chenyewe si sumu kali kwa mbu, ila humnyang'anya ule uwezo wa kuivunja dawa.

Je, kingefaa katika nyumba za watu? Mwaka 2015 uchunguzi ulianza Muleba, katika makundi 48 ya makazi. Uliendeshwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, Chuo cha Tiba cha KCMC cha Moshi, na chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha London. Makundi yaligawiwa vyandarua kwa kura, ili asiwepo wa kupendelewa. Baada ya miezi 9 watoto wa miezi 6 hadi miaka 14 walipimwa damu. Palipogawiwa vyandarua vya kawaida, watoto 42 katika kila 100 walikuwa na vijidudu. Palipogawiwa vyenye PBO, 29. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likaanza kuvipendekeza vyandarua hivyo mahali penye mbu sugu.

Hata hivyo uchunguzi ule ulionyesha jambo la pili, nalo latuhusu sisi zaidi. Baada ya mwaka mmoja, watu 77 katika kila 100 katika makundi yote walikuwa wakivitumia vyandarua walivyogawiwa. Baada ya miaka miwili walibaki 59. Mtaalamu aweza kutengeneza dawa, na Serikali yaweza kuleta chandarua hadi kliniki. Lakini mtoto mchanga hawezi kujifunikia. Chandarua kilichofunika miche au banda la kuku hakimlindi mtu.

Kwa hiyo, tundu dogo lishonwe siku ile ile lionekanapo. Chandarua kifuliwe taratibu kwa sabuni ya kawaida na kuanikwa kivulini, maana jua kali huharibu dawa. Jioni kichomekwe chini ya godoro au mkeka pande zote. Na mtoto akipata homa, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, hata kama alilala ndani ya chandarua.

Maswali

1. Kwa nini malaria huzuia maendeleo ya mtoto mdogo?
2. Eleza kazi ya PBO katika chandarua.
3. Kwa nini vyandarua viligawiwa kwa kura?
4. Kagua vyandarua vya nyumbani kwenu. Vingapi vina matundu? Nani hulala bila chandarua? Vishone, kisha mweleze mwalimu wako.