Saa ya Kutia Ufunguo, na Ufunguo Mwingine Ndani

Babu yangu alikuwa akitia saa yake ufunguo kila alfajiri akishasali, na hakuna mtoto aliyethubutu kuigusa. Ndiye aliyenijia akilini siku nilipoikuta karatasi yenye maneno 12 yanayofungua pochi yangu ya bitikoini imelowa kabatini, wino umechuruzika, maneno mawili hayasomeki tena. Unyevu wa Tanga hauna huruma. Nilihamisha salio usiku uleule, simu ikiwa bado nzima, kisha nikakata shauri: ufunguo huu nitauvaa mkononi, ndani ya saa ya mashine, isiyo na betri wala chipu, ambayo mtu akiitazama ataona saa tu.

Nilichagua mashine ya NH35 ya Seiko kwa kuwa vipuri vyake havisumbui kupata. Upana wake ni milimita 27.4, unene 5.32, na ikijaa hutembea saa 41 hivi.

Mara ya kwanza niliandika moja kwa moja kwenye kifuniko cha nyuma, kwa nyundo na mihuri ya herufi. Kila pigo liliinua ukingo wa chuma kuzunguka herufi, mdogo kiasi kwamba jicho halikuuona ila kucha iliusikia. Nilipofunga saa, rota, kile kipande cha nusu duara kinachozunguka mkono ukitikisika, ikawa inakwaruza. Siku ya tatu saa ikasimama. Ndani nikakuta unga wa chuma umegandamana na mafuta. Tena hata ingetembea, fundi yeyote angefungua kifuniko na kusoma kila kitu, na saa ya mashine lazima siku moja ifike kwa fundi.

Sasa natumia kisahani cha chuma kisichoshika kutu, aina ya 316L, unene wa milimita 0.3. Bati la kawaida liache: likishika sumaku, ile springi nyembamba kama unywele inaweza kunatana na saa ikaanza kukimbia. Upande ulioandikwa unalala kwenye kifuniko, na fundi akifungua anaona upande mtupu. Kabla ya kukata, pima nafasi. Funika mashine kwa nailoni laini, weka kidonge cha plastisini juu ya rota, funga kifuniko hadi mwisho, fungua, kisha pima unene wa kilichobanwa. Changu kilitoka milimita 0.8. Ikiwa ukitoa unene wa kisahani haibaki hata 0.3, tafuta ganda lenye kina zaidi. Chora mbali na mashine, osha kwa spiriti, bandika kwa matone matatu ya epoksi, na uache ikauke siku nzima.

Orodha yanakotoka maneno ya pochi, BIP39, ina maneno 2,048. Kiswahili hakimo katika lugha zake, na hilo linaniuma. Herufi nne za mwanzo zinatosha kutambulisha kila neno, kwa hiyo maneno 12 ni nafasi 48. Lenye herufi tatu nalimalizia kwa nukta. Wapo wanaochora namba badala ya herufi. Mimi sishauri: orodha moja huanza kuhesabu kwenye 0, nyingine kwenye 1, na mrithi wako atapishana nawe hatua moja bila kujua. Niliyapanga kwa duara, neno moja kila penye tarakimu ya saa, la kwanza kwenye 7, maana hapo ndipo ilipo saa moja yetu.

Mpangilio huo si kinga. Hata ukiyavuruga maneno, njia za kuyapanga upya ni 479,001,600, idadi ambayo kompyuta huimaliza. Kinga ya kweli ni kauli ya siri inayoongezwa juu ya yale 12. Aliyeiba saa bila kauli hiyo hufungua pochi nyingine kabisa, na humo naacha kiasi kidogo. Lakini chunga sana: ukikosea herufi moja ya kauli, pochi haikwambii, inakufungulia pochi tupu, basi. Kauli yangu iko kwa ndugu ninayemwamini, na kisahani pacha kimefungiwa mbali na nyumbani, kwa kuwa saa huporwa.

Kabla ya kuweka fedha, futa pochi kwenye kifaa chako, kisha irudishe kwa kusoma kisahani peke yake. Nilimpa mke wangu lenzi ya fundi saa anisomee. Neno la tano akaniambia lina V. Mimi nilichora U, ila kalamu iliteleza kwenye pindo, na pochi ikakataa. Usiku huo nilikata kisahani kingine, nikachora kila U kwa mistari mitatu iliyonyooka. Akasoma tena, taratibu, tangu penye 7 hadi 6, na pochi ikafunguka. Hicho ndicho kilichomo mkononi mwangu sasa.