Platini: Metali Iliyogeuka Dawa ya Saratani

Mkazi wa Sepuka, mkoani Singida, asikiapo neno metali hufikiri kwanza jembe, sufuria, au dhahabu ichimbwayo katika wilaya yake ya Ikungi. Ni nadra kufikiri dawa. Hata hivyo, mama wa Sepuka akigunduliwa kuwa na saratani ya mlango wa kizazi, akasafiri takriban kilomita 700 hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, huenda akatiwa mshipani, pamoja na kupigwa mionzi, dawa ambayo kiini chake ni metali ya platini. Dawa hiyo huitwa sisplatini.

Ugunduzi wake

Kampaundi hii ilitengenezwa na Michele Peyrone, mwanakemia wa Italia, katika miaka ya 1840. Kwa zaidi ya miaka 100 hakuna aliyeijua kuwa dawa. Mwaka 1965 Barnett Rosenberg na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, walikuwa wakichunguza kama umeme huathiri ukuaji wa bakteria. Walipoupitisha kwa elektrodi za platini, bakteria waliacha kugawanyika, lakini wakazidi kurefuka hadi kufikia mara 300 ya urefu wa kawaida. Ingekuwa rahisi kuusingizia umeme. Wao walipima sababu moja baada ya nyingine, wakabaini kuwa platini kidogo ilikuwa imeyeyuka na kuungana na amonia na kloridi zilizokuwamo katika kimiminika. Mwaka 1969 walionyesha kuwa kampaundi za aina hiyo huzuia uvimbe wa saratani katika panya, na mwaka 1978 Marekani iliidhinisha sisplatini itumike kwa binadamu.

Umbo na kazi

Atomu moja ya platini hukaa katikati ya mraba. Katika pembe nne za mraba huo zimo molekuli 2 za amonia na atomu 2 za klorini. Klorini zikiwa katika pembe jirani, hiyo ni dawa. Zikiwa katika pembe zinazokabiliana, fomula haibadiliki, lakini nguvu ya dawa hupotea. Hapa mwanafunzi huona kwamba fomula peke yake haitoshi; mpangilio wa atomu nao una maana.

Damu ina kloridi nyingi, hivyo sisplatini hubaki ilivyo. Ndani ya seli kloridi ni chache. Basi maji hushika nafasi ya klorini, na platini hupata mikono miwili ya kushikia DNA. DNA hupindika, seli hushindwa kuinakili, na mwishowe hufa.

Madhara na utafiti

Dawa hii haibagui kikamilifu baina ya seli mbovu na nzima. Huweza kudhuru figo na usikivu, na huleta kichefuchefu kikali. Ndiyo sababu mgonjwa hutiwa maji mengi mshipani na figo zake hupimwa. Ili kupunguza madhara, watafiti walitengeneza kaboplatini. Metali nyingine nazo zinachunguzwa, ikiwemo dhahabu: auranofini, dawa ya dhahabu iliyotumiwa kutibu baridi yabisi, imejaribiwa pia dhidi ya seli za saratani.

Lakini hakuna dawa ifanyayo kazi vema kwa mgonjwa aliyechelewa. Saratani ya mlango wa kizazi hutibika kwa urahisi zaidi ikigunduliwa mapema, na chanjo ya kuikinga ilianza kutolewa kwa wasichana nchini Tanzania kote mwaka 2018. Kipimo cha mapema karibu na nyumbani chaweza kumwepusha mama na safari ile ndefu.

Maswali

1. Ikiwa Pt = 195, N = 14, H = 1 na Cl = 35.5, onyesha kuwa platini ni asilimia 65 ya uzito wa sisplatini.
2. Chora maumbo mawili ya kampaundi hii, ueleze tofauti yake.
3. Kwa nini Rosenberg hakutosheka na jibu la kwanza?